Rusumo ni bwawa au si bwawa?

MWAJUMA: Deo, leo mimi na wewe tuna kesi.

DEO: Kabla hata ya salamu! Karibuni wasikilizaji. Haya, dada, shtaki.

MWAJUMA: Jumanne narudi kutoka Kigali kwa basi. Wiki mbili umenijaza maneno: ukifika Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, utaliona bwawa. Nimegonga muhuri, nimesimama darajani, natafuta. Naona maporomoko, naona mto Kagera na rangi yake ya udongo, inakimbia. Bwawa sijaona.

DEO: Ukuta upo pale.

MWAJUMA: Ukuta si bwawa. Bwawa ni maji yaliyolala. Pale yanapita kwenye mashine za umeme, yanarudi mtoni. Na walikusudia hivyo: mpango wa mwanzo ulikuwa wa kuhifadhi maji mengi, wakaubadilisha ili mashamba na nyumba za watu zisifunikwe.

DEO: Sawa, lakini bwawa lile...

MWAJUMA: Mtambo.

DEO: ...mtambo ule una megawati 80, na Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawasawa. Nchi tatu, kampuni moja. Kwa mto unaomwaga maji yake Ziwa Victoria, nayo kwa njia ya Nile yakaishia Misri, hilo si jambo dogo.

MWAJUMA: Wamegawana vizuri kwa sababu hakuna aliyezuiliwa maji. Nenda Ethiopia sasa. Bwawa lao kubwa la GERD, kwenye Nile ya Buluu, linabeba mita za ujazo bilioni 74. Mkataba wa 1959 wa Misri na Sudan wa kugawana maji ya Nile unaipa Misri bilioni 55.5 kwa mwaka. Bwawa moja linazidi mgao wa Misri wa mwaka mzima! Aliye chini lazima aulize: ukame ukija, utanifungulia kiasi gani?

DEO: Na Ethiopia 1959 iliitwa mezani?

MWAJUMA: Haikuitwa. Hata sisi, mkataba wa Nile wa 1929 na Misri, Uingereza ilitusainia, ndiyo maana 1962 Nyerere akasema Tanganyika haifungwi nao. Hapo sina ubishi na wewe.

DEO: Basi shida si maji kulala. Shida ni bwawa la nani. Chukua bwawa la Manantali, kule Mali, kwenye maji ya mto Senegal. Linabeba bilioni 11 hivi, yamelala kabisa, Mwajuma! Na ni mali ya Mali, Senegal na Mauritania kwa pamoja, kupitia OMVS, shirika lao la mto huo lililoundwa 1972. Mwaka 1989 Senegal na Mauritania wakafarakana hadi watu wakauawa. OMVS haikuvunjika.

MWAJUMA: Na wakulima wa bondeni? Walizoea kupanda mafuriko yakishuka, kwenye udongo uliobaki na unyevu. Mto ukashikwa, mafuriko yakawa ya kusubiri mtu afungue. Serikali tatu zimeelewana, mkulima hayumo. Ushirikiano wa nani huo?

DEO: Walikuwa wakiachia mafuriko ya makusudi kwa ajili yao.

MWAJUMA: Kuachiwa! Mto ulikuwa unakuja wenyewe, Deo.

DEO: Hilo ni kosa la ratiba ya milango. Ratiba inarekebishika mkiwa wamiliki pamoja. Usipokuwa mmiliki unabaki kuandika barua za malalamiko.

MWAJUMA: Ni kosa la kulaza maji. Wamiliki wawe watatu, wawe kumi na mmoja, mwaka wa ukame kila mmoja atavutia kwake.

DEO: Sikubali.

MWAJUMA: Nami sikubali. Ningekubali nisingesimama juani pale darajani nusu saa.

DEO: Nusu saa unatafuta bwawa ambalo...

MWAJUMA: Mtambo!

DEO: Jamani, zimebaki dakika mbili. Nilikuwa na ukurasa mzima hapa: Mkataba wa Entebbe wa ushirikiano wa nchi za Nile, ulioanza kutumika Oktoba 2024, Misri na Sudan wakiwa nje, na mambo matatu ya kujifunza...

MWAJUMA: Taja moja.

DEO: Moja halitoshi, yanategemeana. Yaache.

MWAJUMA: Muda wote umeliwa na hilo bwawa lako.

DEO: Umeliita bwawa! Wasikilizaji mmesikia?

MWAJUMA: Nimesema lako. Kwangu ni mtambo. Kwaherini.