Jeannette Rankin na Kura Mbili za Hapana

Mabibi na mabwana,

Naomba tuanzie usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 6 Aprili 1917, katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Karani anaita majina, mmoja baada ya mwingine, ili kila mjumbe aseme kama anaafiki Marekani iingie vitani dhidi ya Ujerumani. Anafika kwenye jina la Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la nchi hiyo, ambaye ana siku nne tu tangu aapishwe. Kimya. Anaitwa mara ya pili. Anasimama na kusema kwamba anataka kuwa upande wa nchi yake, lakini hawezi kupigia kura vita.

Magazeti yaliandika kwamba alilia. Fiorello La Guardia, aliyekuwa mjumbe mwenzake, alipoulizwa habari hiyo alijibu kwamba hakuweza kuona, kwani macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa machozi. Hapana zilikuwa 50 dhidi ya ndiyo 373, maana yake wanaume 49 walikataa pamoja naye, wala hakuna aliyeshughulika kuyachunguza macho yao.

Rankin alizaliwa mwaka 1880 karibu na Missoula, akasomea biolojia, kisha akazunguka majimbo mbalimbali akidai wanawake wapewe haki ya kupiga kura, haki ambayo Montana iliwapa mwaka 1914. Miaka miwili baadaye aligombea kwa tiketi ya Republican. Wakati huo Montana ilikuwa na viti viwili vya Baraza, na jimbo zima lilipiga kura kama eneo moja, kwa hiyo aliyeshika nafasi ya pili naye alipata kiti. Rankin alikuwa huyo wa pili.

Wengi husema kura ile ya vita ndiyo iliyomwangusha. Mimi naona maelezo hayo hayatoshi. Mwezi Juni 1917 moto ulizuka katika mgodi wa shaba wa Speculator huko Butte, ukaua watu 168; wachimbaji waligoma, na Rankin akasimama upande wao dhidi ya kampuni ya madini ya Anaconda, iliyokuwa na sauti kubwa katika siasa za Montana. Kisha jimbo likagawanywa katika maeneo mawili ya uchaguzi, naye akajikuta katika eneo lenye wafuasi wengi wa Democratic, chama pinzani. Mwaka 1918 aliona afadhali ajaribu Seneti, akashindwa.

Alirudi Bungeni baada ya uchaguzi wa mwaka 1940. Tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji ya Marekani, Baraza lilipiga kura ya kutangaza vita dhidi ya Japani; kura zilikuwa 388 kwa 1, na ile moja ilikuwa yake. Safari hii hapakuwa na mwenzake hata mmoja. Alizongwa na umati hata akajifungia katika kibanda cha simu mpaka polisi wa Bunge walipofika kumsindikiza ofisini. Kaka yake Wellington, mwanasheria aliyekuwa nguzo ya kampeni zake, alimpelekea habari kwamba Montana nzima ilikuwa dhidi yake. Mwaka 1942 hakugombea tena.

Januari 1968 maelfu ya wanawake waliandamana mjini Washington kupinga vita vya Vietnam, kwa jina la Kikosi cha Jeannette Rankin. Mwenye jina alikuwa mbele yao, akitembea kwa miguu, akiwa na umri wa miaka 87.