Kupima mwendo wa ufa wa San Andreas kwa data ya GPS: hatua kwa hatua

Karibuni tena. Leo tunafungua jedwali tupu la Excel, na tukimaliza tutakuwa na namba mbili: ufa wa San Andreas unatembea kwa kasi gani huko chini, na umekwama hadi kina gani. Kutokana na hizo tutakadiria tetemeko lenye ukubwa gani linaweza kutokea. Kama huna Excel, tumia LibreOffice Calc, inatosha kabisa.

Nimechagua uwanda wa Carrizo, jimbo la California, kwa sababu pale ufa umenyooka, uko peke yake, na mabamba mawili yanapishana ubavu kwa ubavu. Upande wa magharibi unakwenda kaskazini-magharibi ukilinganisha na ule wa mashariki. Huko chini kabisa miamba ina joto na inateleza mwaka hadi mwaka. Juu imeshikana. Kwa hiyo ardhi iliyo karibu na ufa inapinda polepole na kuvutika kama mpira wa manati, na huo mpindo ndio GPS inaouona.

Hatua ya kwanza, data. Nenda kwenye tovuti ya Nevada Geodetic Laboratory, ya Chuo Kikuu cha Nevada, Reno. Pakua faili la kasi za vituo linaloitwa MIDAS, ni bure. Kila mstari ni kituo kimoja, na ndani yake kuna kasi ya mashariki, ya kaskazini na ya wima, kwa mita kwa mwaka, pamoja na makosa ya kipimo. Zidisha kwa 1000 upate milimita. Ya wima iache, leo haituhusu.

Sasa chuja. Chukua vituo vilivyo kwenye mkanda unaoukata ufa pale karibu na Wallace Creek, latitudo 35.27 kaskazini, longitudo 119.83 magharibi. Tupa vituo vyenye data ya muda mfupi. Kuwa mkali zaidi na vituo vya bonde la San Joaquin: kule wakulima wamevuta maji ya chini kwa miongo mingi, ardhi imedidimia, na kituo kilichofungwa juu ya udongo huo kinakupa habari za visima badala ya ufa. Usipande sana kuelekea Parkfield pia, kaskazini-magharibi kwenye ufa huohuo, maana tetemeko la 2004 liliacha ardhi ikiendelea kusogea kwa miaka.

Hatua ya pili ni kugeuza mhimili. Ufa pale unaelekea azimuthi ya nyuzi 320, yaani pembe inayohesabiwa kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa. Tunataka kasi iliyo sambamba na ufa, basi kwa kila kituo: zidisha kasi ya kaskazini kwa 0.766, kisha toa kasi ya mashariki mara 0.643. Tuseme kituo kina mashariki hasi 20 na kaskazini 24. Unapata 18.4 jumlisha 12.9, yaani karibu milimita 31 kwa mwaka kuelekea kaskazini-magharibi. Angalia alama ya hasi hapo, ndiyo inayowaangusha wengi.

Umbali kutoka kwenye ufa unapatikana vivyo hivyo. Tofauti ya longitudo kati ya kituo na Wallace Creek (longitudo za magharibi ziandike kwa hasi) zidisha kwa 90.9, ya latitudo kwa 111, sasa una kilomita. Kisha kilomita za mashariki mara 0.766, jumlisha za kaskazini mara 0.643. Jaribu na mji wa Pismo Beach ulioko pwani: utapata karibu hasi 66. Hasi maana yake upande wa bahari. Ukipata chanya, rudi nyuma kabla hujaendelea.

Hatua ya tatu, modeli. Seli B1 andika 35, hiyo ni kasi ya mtelezo. B2 andika 15, kina cha kukwama kwa kilomita. B3 andika wastani wa kasi zote. Namba hii itameza tofauti ya mfumo wa rejea, yaani kile kinachohesabiwa kuwa hakitembei. Data ianzie mstari wa 6: umbali safu B, kasi safu C, kosa la kipimo safu D. Kwenye E6, kasi inayotabiriwa na modeli, andika hivi:

=$B$3-$B$1/PI()*ATAN(B6/$B$2)

Na F6, jinsi utabiri unavyopishana na kipimo:

=((C6-E6)/D6)^2

Buruta zote mbili hadi chini, halafu F1 ijumlishe safu F kuanzia F6 hadi chini. Fomula hii ya ATAN inatoka kwa Savage na Burford, 1973, na bado inatumika.

Chora grafu. Utaona mstari uliopinda kama herufi S iliyolazwa. Kwa namba tulizoanza nazo, kati ya kilomita 15 upande huu na kilomita 15 upande ule, nusu nzima ya mwendo imekwisha. Nusu iliyobaki inajitandaza mbali: hata kilomita 100 kutoka kwenye ufa, kituo kinaonyesha 15.8 tu kati ya 17.5 za upande wake. Na magharibi bahari inakukatisha kabla hujafika huko.

Hatua ya nne, Solver, kifaa cha jedwali kinachotafuta namba zinazofaa zaidi. Mwambie apunguze F1 kwa kubadilisha B1, B2 na B3. Kwenye Excel chagua GRG Nonlinear. Kwenye Calc ingia Options uchague DEPS, maana ile ya linia haitakubali fomula hii.

Ukipata jibu, usilikimbilie. Mteremko wa mstari pale kwenye ufa ni kasi gawanya kwa pai mara kina. Ukiweka 35 na 15, au 40 na 17, mteremko unakaribia kuwa uleule, na vituo vya karibu havitajua tofauti. Kwa hiyo funga B2 kwenye 8, endesha Solver, andika F1. Kisha 10, 12, endelea hadi 25. Ukichora F1 dhidi ya kina, utapata bonde pana lenye majibu mengi yanayokubalika. Hilo bonde ndilo matokeo yako, na mtu akikuletea namba moja bila bonde lake, mwulize.

Jiolojia inasaidia kulibana. Pale Wallace Creek, kijito kimekatwa na ufa na kusogezwa mita 128 kwa takriban miaka 3,700. Hiyo ni karibu milimita 34 hadi 35 kwa mwaka.

Hatua ya tano, hatari yenyewe. Ufa huu ulipasuka mara ya mwisho kwa nguvu tarehe 9 Januari 1857, tetemeko la Fort Tejon. Hadi 2025 ni miaka 168. Mara milimita 35, deni, yaani mwendo uliolimbikizwa bila kuachiliwa, ni mita 5.9. Chukua urefu wa kilomita 350, kina 15, ugumu wa mwamba paskali bilioni 30. Zidisha zote kwa mita na paskali: unapata 9.3 mara kumi kwa kipeo cha 20. Chukua logi yake, toa 9.1, zidisha kwa theluthi mbili. Jibu ni 7.9, sawa na makadirio ya lile la 1857. Nimerahisisha, maana kasi hupungua ukielekea kusini.

Badilisha kina kutoka 12 hadi 18, ukubwa unasogea 0.12 tu. Lakini uliza itachukua miaka mingapi kulimbikiza mita 5: kwa kasi ya 35 ni 143, kwa 30 ni 167. Yaani kosa dogo haliugusi sana ukubwa, linavuruga muda. Wataalamu walitarajia tetemeko la Parkfield lije kabla ya 1993 kumalizika. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004.

Najua kuna mtu atataka kuibandika fomula hii kwenye Bonde la Ufa. Usifanye. Kule ardhi inatanuka na kushuka, na magma inaingia kati. Julai 2007, karibu na mlima Gelai kaskazini mwa Tanzania, vipimo vya GPS na picha za rada za setilaiti vilionyesha ufa ukiteleza polepole, sehemu kubwa bila tetemeko. Ile inahitaji modeli nyingine, tutaifanya video ijayo. Kwa sasa hifadhi faili, kisha chukua vituo vya kaskazini mwa Parkfield, ambako ufa unatambaa hadi juu, na uone grafu inavyoruka ghafla pale kwenye sifuri.