Rangi ya Waridi Si Jina

(Mhadhara uliotolewa Kisumu)

Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena: ukoko wa rangi ya waridi juu ya mwamba wa bahari, yaani mwani mwekundu wenye chokaa mwilini, haukupi jina la spishi kwa kuutazama tu. Mtu anarudi kutoka Diani na picha kwenye simu, anatangaza jina la spishi moja ya mwani huo, "Hii Porolithon onkodes." Umejuaje? Mwaka 2018 watafiti walisoma DNA ya sampuli ya Papua New Guinea ambayo mtaalamu wa mwani Heydrich aliipa jina la spishi onkodes mwaka 1897. Wakakuta kwamba kilichokuwa kikiitwa spishi moja ni spishi zipatazo 20!

Haya, kazi yenyewe. Chukua patasi na nyundo, ubanjue mwani pamoja na jiwe lililo chini yake. Ukiukwangua juu juu utabaki na unga. Kigawe kipande mara mbili papo hapo. Nusu iende kwenye silika jeli, chembe za kukaushia, hiyo ni ya DNA. Nusu iende kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, ya asilimia 4 iliyochanganywa na maji ya bahari, na utie boraksi. Boraksi ndiyo husahauliwa kila mara: bila hiyo formalini hugeuka asidi, chokaa ikaliwa ndani ya chupa. Na ukitia vyote formalini, DNA umeiharibu.

Kisha, kwenye nusu ya formalini, ondoa chokaa kwa asidi ya naitriki iliyozimuliwa. Polepole, jamani! Ukiikoleza, mapovu yatapasua tishu na hutakuwa na cha kukata. Kata kwa wembe, weka chini ya hadubini, tafuta vijumba vya mbegu. Vya Porolithon vina tundu moja darini. Ukikuta dari lenye matundu mengi kama chujio, umepotea oda nzima, yaani kundi kubwa zima la mwani. Kipande kisicho na vijumba hakikusaidii kitu hapa.

Najua kuna atakayesema siki inatosha: dondoshea kipande, kikitoa povu basi ni mwani huu. Jiwe la chokaa la Koru nalo linatoa povu, na asili yake ni volkeno, si mwani. Mwingine atasema sisi ni watu wa ziwa, bahari ya nini? Mwaka 2016 ilielezwa spishi ya mwani wa aina hii ya maji baridi, yasiyo na chumvi, Pneophyllum cetinaensis, kutoka mto Cetina, Croatia. Kwa hiyo usiniambie ziwani hakuna kabla hujageuza mawe.

Muda umekwisha. Mabuu ya matumbawe kutua juu ya ukoko huu, chokaa yake yenye magnesiamu nyingi kuyeyuka upesi bahari ikizidi asidi, hayo siku nyingine. Wenye vipande, leteni mbele. Wenye picha, kaeni nazo.