Jicho Lenye Anwani Mbili

Ndugu wasikilizaji, mwandishi mmoja ataandika nimonia, mwingine homa ya mapafu, na wa tatu kichomi, neno ambalo huweza pia kumaanisha maumivu tu ya ubavuni. Anayetafuta makala kwa jina moja atazikosa zilizotumia mengine. Msamiati dhibiti, yaani orodha rasmi ya maneno ya kupangia makala, huteua jina moja liwe kidahizo, yaani jina kuu, kisha hayo mengine huelekezwa kwake.

Hiyo ndiyo nusu nyepesi ya kazi; ngumu ni kuvipanga vidahizo kwa ngazi. Katika MeSH, msamiati uliotolewa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1960, yako makundi makuu 16, kila moja likiwa na herufi yake: A ni anatomia, B viumbe, C magonjwa, D kemikali na dawa, na kadhalika hadi Z, ambayo ni ya mahali.

Tuchukue jicho. Namba yake ya kwanza ni A01.456.505.420, nayo husomwa kama mtu ashukaye ngazi: maeneo ya mwili, kichwa, uso, ndipo jicho. Namba ya pili ni A09.371, yaani viungo vya hisi, kisha jicho. Kitabu hakiwezi kukaa kwenye rafu mbili kwa wakati mmoja, lakini dhana inaweza. Tena matawi hayo mawili hayazai sawa: nyusi zimo chini ya jicho la usoni, ilhali retina imo chini ya jicho la hisi peke yake, jambo ambalo mimi naliona la busara, kwa kuwa hakuna aitazamaye retina kama sehemu ya sura ya mtu.

Ngazi hizi zina kazi hasa, kwa sababu mwandaaji wa faharasa hutakiwa kuchagua kidahizo finyu kuliko vyote vinavyofaa. Makala ya retina hupewa retina, si jicho. Hivyo anayetafuta jicho angeikosa, kama mfumo usingeteremka wenyewe na kukusanya kila kilicho chini yake.

Mti huu hupitiwa kila mwaka, na tawi likihamishwa namba zake hubadilika. Kwa hiyo kila kidahizo kina pia kitambulisho cha pekee kinachoanza na herufi D (si ile D ya kundi la kemikali), ambacho hakitegemei mahali kilipo mtini, na hicho ndicho cha kuhifadhi katika kumbukumbu zenu.