Kwa Nini Nilichimba Mwenyewe: Matofali ya Bustani Yangu Hapa Minnesota

Haya, nimewasha kamera. Nywele hazijasukwa, msianze. Leo nimekuja kwa swali moja tu, maana tangu nirushe ile video ya maua linaingia kila siku: "Dada, yale matofali ya pembeni umetumia shilingi ngapi, na kwa nini unachimba mwenyewe wakati uko Marekani?" Wapo pia wa upande wa pili: "Unapamba maua, kwa mama yako bati zinavuja." Nitawajibu wote. Sijisifu na wala silii njaa.

Tuanze na fundi. Alikuja, akapima mita 12, akasema dola 1,400, na matofali ninunue mimi. Tafadhali msizigeuze kuwa shilingi mkaniona tajiri. Mimi nakesha kwenye nyumba ya wazee, najua hizo ni zamu ngapi. Nikajiambia, mimi nimesoma shule ya msingi Njombe, tulikuwa tunapanga matofali kuzunguka maua mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, yameegemeana kama meno ya msumeno, tunayapaka chokaa. Leo nimlipe mtu?

Kiburi hicho kiliniponza. Jirani alikuwa amebomoa ukuta wa ndani, akanipa matofali ya bure. Nikayachimbia kwenye udongo vilevile kama shuleni. Theluji ilipoyeyuka, mstari wangu ulikuwa kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza: moja limechomoza, jingine limelala, mengine yanamenyuka magamba. Maji ya udongoni yakiganda yanatanuka, yanasukuma tofali juu. Na tofali la ndani ya nyumba halikuchomwa kwa ajili ya baridi hii, linakunywa maji, linapasuka. Upande huu wa kusini mwa Minnesota sheria inataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42, yaani zaidi ya mita moja. Sasa nani atachimba mita moja kwa ajili ya maua? Unachoweza ni kuyapa maji njia ya kuondoka.

Kwa hiyo mara ya pili nilichimba mtaro wa sentimita 25 hivi, nikamwaga kokoto ndogo sentimita 10, nikashindilia mpaka mikono ikafa ganzi, juu yake mchanga kidogo, ndipo tofali likasimama wima, sehemu kubwa ikiwa chini. Kamba, pima maji, nyundo ya mpira. Sikuweka saruji, kwa sababu saruji hapa ingepasuka na ningeanza kulia upya. Matofali yenyewe ni yale ya kutandika njia, yaliyoandikwa SX, yaani ya kuvumilia kuganda. Hayo ndiyo yaliyofanya kazi kwangu, kwenye udongo wangu. Wewe uliyeko Texas au Muscat usije kunidai.

Lakini kuchimba si kitu. Karatasi! Mtaa wetu una chama cha wenye nyumba, unakilipa kila mwezi, halafu unakiomba ruhusa ya kugusa udongo wako mwenyewe. Fomu dola 50. Mchoro. Picha. Wakanirudishia, eti "nyekundu" si rangi kamili, nilete sampuli. Nikapeleka tofali zima mkononi, nikaliweka mezani kwao. Wiki tano! Jirani kaweka sanamu ya bata mwenye kofia, sijui yeye aliomba kwa nani.

Kisha unapiga 811 kabla ya kuchimba, namba ya simu ya kuomba waje kukuonyesha mabomba na nyaya zilizopita chini ya ardhi. Hiyo ni bure, siku mbili za kazi unasubiri, wanakuja kupaka rangi chini: njano gesi, nyekundu umeme, machungwa nyaya za simu na intaneti. Nikafuata rangi zote kama mwanafunzi mzuri, nikakata bomba la kumwagilia nyasi, kwa sababu lile ni mali yangu na wao hawachori cha mtu binafsi. Kulitengeneza, dola 165.

Sasa nyie wa bati. Mwaka juzi nilituma hela ya matofali 3,000 ya kuchoma kwa ajili ya chumba cha mama. Nikatumiwa picha ya tanuri linafuka moshi, nikafurahi, nikalia. Nilipokwenda likizo nikakuta msingi na majani yamenifika magotini. Tanuri lilikuwa la mtu mwingine. Aliyepiga hiyo picha yuko humu anatazama, sitamtaja, ni damu yangu. Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini napanga matofali 120 ya maua, ni kwa sababu haya nimeyahesabu mwenyewe, moja moja.

Jumla: matofali, kokoto na mchanga dola 214, kuletewa 80, fomu 50, bomba 165. Inakuja 509. Mgongo sijauhesabu. Kama una hela, mwite fundi, hakuna atakayekucheka.

Ngoja nigeuze kamera muone kona ya bomba... mnaliona hili? La tatu kutoka mwisho. Jana lilikuwa sawa na wenzake. Jamani! Shikilieni hapo, nikalete nyundo.