Sabtaito zisizobanduka: kuandaa DVD ya harusi kwa programu za bure

Assalaam aleikum, karibuni tena. Leo niko Kibokoni, Mombasa, na feni iko juu kabisa, kwa hivyo mkisikia mngurumo nyuma ya sauti yangu mnisamehe. Kwa joto hili siizimi.

Hapa nina video ya harusi ya dakika 80. Namwandalia shangazi yangu, ambaye masikio yake hayasikii tena. Ana televisheni ya zamani, ile yenye kisogo, na deki ya DVD iliyopotelewa na rimoti. DVD ina njia yake ya kubeba sabtaito, yale maandishi ya chini ya picha, za kuwasha na kuzima, hadi lugha 32 kwenye diski moja, lakini shangazi ataziwasha kwa nini? Ndiyo maana leo maandishi tunayapachika ndani ya picha yenyewe. Diski ikiingia tu, maneno yapo.

Ubaya wake ni kwamba hayatoki. Mwaka fulani nilichoma diski 30 za harusi, baba mkwe anamwambia bi harusi, "Karibu, mkwe wangu." Mimi nikaruka herufi moja: "Karibu, mke wangu." Diski zimeshagawiwa mpaka Likoni! Programu ya kukagua tahajia haikuniambia kitu, maana "mke" ni neno sahihi. Kwa hivyo leo nitawachosha kidogo kwenye kusoma na kujaribu, na mengine tutayapita mbio.

Pakueni programu tatu, zote za bure: Subtitle Edit ya kuandikia, FFmpeg ya kupachikia, na DVDStyler ya kutengenezea diski. Wengi watakwambia utumie HandBrake, programu nyingine ya kugeuza video. Ni nzuri, nami naitumia kwa video za simu, lakini haitoi faili lililopangwa tayari kwa DVD, na DVD inataka video ya MPEG-2, namna yake ya kubana picha, katika mpangilio wake maalumu. Utapachika huko, kisha DVDStyler iigeuze video upya. Picha inabanwa mara mbili, na nyuso ndizo zinazoharibika kwanza.

Haya, fungua Subtitle Edit, ingiza video, anza kusikiliza. Sentensi moja, andika, weka mwanzo na mwisho wake. Ukihifadhi kama SRT, faili lenyewe ni maandishi matupu. Tazameni:

14
00:03:12,400 --> 00:03:15,900
Karibu, mkwe wangu.
Hapa ni kwenu sasa.

Namba, saa ya kutokea na ya kuondoka, kisha maneno. Zile tarakimu tatu baada ya mkato ni sehemu za elfu za sekunde. Mistari isizidi miwili, na kila mstari usipite herufi 40 hivi. Ukate mahali mtu anapovuta pumzi. "Karibu, mkwe" juu na "wangu" chini, hapana, hilo linamkwaza msomaji.

Na kwa asiyesikia, maneno peke yake hayatoshi. Vigelegele vikipigwa, andika [vigelegele]. Zumari ikianza nje ya picha, andika [zumari]. Shangazi aliniambia kinachomuudhi zaidi ni kuona watu wote wamegeuza vichwa na yeye hajui wameitwa na nini. Mtu akisema bila kuonekana, tanguliza jina lake au cheo chake: "Somo:" halafu maneno yake.

Ukimaliza, mpe mtu mwingine asome. Si wewe. Jicho lako limeshazoea makosa yako.

Sasa kupachika. Weka video na SRT kwenye folda moja, majina mafupi yasiyo na nafasi: harusi.mp4 na harusi.srt. Ingia ndani ya folda, bofya juu palipo na anwani yake, andika cmd, ubonyeze Enter. Dirisha la kuandikia amri tunalifungulia hapa hapa kwa sababu ukiandika njia ndefu yenye C na nukta mbili, FFmpeg inaichukulia ile nukta mbili kuwa kitu kingine na inagoma. Andika hivi, yote mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "subtitles=harusi.srt:force_style='FontSize=20,MarginV=25'" -target pal-dvd -aspect 16:9 -t 60 jaribio.mpg

Hiyo pal-dvd inapanga yote ya DVD kwa mpigo: MPEG-2, picha ya 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. PAL ni mfumo wa picha za televisheni, na ndio wa kwetu Kenya. MarginV inayainua maandishi kutoka ukingo wa chini, kwa sababu televisheni za kisogo hula kingo za picha. Kwenye kompyuta utaona yamepanda mno, yaache. Na -t 60 inatoa dakika ya kwanza tu, ya kujaribia. Fungua kwa VLC, programu ya kutazamia video, uone ukubwa wa herufi na kama maneno yanakwenda na midomo. Ukiridhika, ondoa -t 60, badili jina la mwisho liwe harusi.mpg, kisha kanywe kahawa.

Diski ya kawaida, GB 4.7, kwa mpangilio huu inabeba kama saa moja na nusu. Video ya saa mbili? Ongeza -b:v 4000k kabla ya jina la mwisho. Itapungua ung'avu kidogo.

Kwenye DVDStyler sina mengi. Mradi mpya, PAL, 16:9, buruta harusi.mpg ndani. Fungua sifa za video na uhakikishe upande wa picha na wa sauti pameandikwa Copy, isije ikaanza kuibana tena. Menyu mimi siweki. Bila rimoti menyu ni mlango uliofungwa. Ukifika kwenye Burn, usichome. Chagua kutengeneza faili la ISO kwanza, yaani diski nzima ikiwa faili moja kwenye kompyuta, ulitazame lote kwa VLC, mwanzo mpaka mwisho, karatasi na kalamu mkononi. Ndipo nilipopaswa kumnasa yule "mke".

Ikiwa safi, choma moja tu, kwenye DVD-R, kwa mwendo wa chini. Deki kuukuu huzisoma hizo kwa utulivu zaidi. Ipeleke kwenye televisheni itakayotumika hasa. Hizo nyingine zitafuata kesho. Jina andika kwa kalamu ya wino yenye ncha laini, stika usibandike: diski huyumba, na stika ikibanduka ndani ya deki, utaitwa uje na bisibisi.