Mbona Siji na Twiga? Najibu Mara Moja, Msiniulize Tena

Haya, nimekaa. Hii taa inaniumiza macho, lakini nikiizima mtasema nimeishiwa hela ya umeme.

Kila nikiweka video ya safari nalikuta swali lilelile. "Dada, tuna ndege yetu, Air Tanzania yenye nembo ya twiga, mbona unapanda za Waarabu? Uzalendo uko wapi?" Kwa video ya juzi nimelihesabu mara kumi na moja. Mmoja kaongeza eti tangu nifike Düsseldorf, Ujerumani, nimekuwa mzungu, twiga namwonea aibu.

Jamani, sijivuni. Tiketi ya Desemba ilikuwa euro 1,140, nimeilipa kwa awamu nne, na kazi yangu ni kuwageuza wazee vitandani usiku kucha. Wala silalamiki, maana nikilalamika mtaniambia nirudi.

Jibu ni kwamba siwezi kupanda ndege ambayo haiji. Air Tanzania haitui Ulaya. Waliomba kibali, na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukawaweka kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga lake. Ndiyo maana watu walicheka, wanafungiwaje mlango ambao hawajawahi kuupita na ndege hizi mpya? Juni 2025 ikapanuliwa, ikawa mashirika yote yenye leseni ya Tanzania. Hapo si habari ya twiga peke yake tena, ni habari ya anayemkagua twiga, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania. Umoja wa Ulaya ulisema usimamizi wa usalama una mapungufu na wataalamu wenye sifa hawatoshi.

Na msinitukane, sijasema ndege ni mkweche. Ile Dreamliner ya kwanza ilitua Dar Julai 2018, viti 262, tukaipokea kwa vigelegele kama bibi harusi. Mimi nilikuwa bado nyumbani, nikapiga makofi mbele ya TV mpaka chai ikamwagika. Lakini ndege mpya bila karatasi ni gari zuri lililokaa bandarini.

Karatasi nazijua mimi. Kadi yangu ya ukaazi nimeisubiri miezi saba kwa sababu kwenye fomu moja jina la baba lina "h" na kwenye pasipoti halina. Herufi moja! Nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, euro 65, halafu yule mama wa dirishani akakitazama sekunde tano akakirudisha. Sikuweza kwenda kumzika shangazi. Haya, tuyaache.

Shirika la ndege nalo linaishi kwa karatasi. Desemba 2008 mamlaka yetu wenyewe ya usafiri wa anga, TCAA, iliwanyang'anya Air Tanzania leseni ya kuruka, ndege zikakaa chini hadi Januari. Hao siyo wazungu. Kwa hiyo wanaosema "tunaonewa", kumbukumbu zao ni fupi.

Ya 1977 nayaruka, mnayajua: Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, East African Airways ikafa, kila nchi ikaanzisha lake. Baba mdogo kwenye grupu la familia yeye anaanzia kwa Wasauzi. South African Airways walinunua asilimia 49 ya Air Tanzania mwaka 2002 kwa dola milioni 20, ndoa ikavunjika 2006, na kwa baba mdogo wao ndio waliotumaliza. Nikamuuliza, na hiyo miaka kumi iliyofuata, mpaka 2016 tumebaki na ndege moja inayoruka, nayo walikuwa Wasauzi? Akanitoa kwenye grupu. Mama ndiye kanirudisha.

Kuanzia 2016 serikali ikanunua kwa fujo. Ila sikilizeni hapa, kitu kidogo lakini kina uzito: aliyenunua ndege si ATCL, kampuni inayoiendesha Air Tanzania. Ni serikali, kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL wakakodishwa. Kwa hiyo mtu anayeidai serikali anaweza kuivizia ndege. Bombardier yetu ilizuiwa Kanada 2017 kabla hata hatujaiona. Airbus ikazuiwa Johannesburg Agosti 2019 na abiria wakiisubiri, kisa deni la mkulima aliyetaifishiwa mali miaka ya themanini. Halafu hizo Airbus A220, injini zake za Pratt & Whitney zikaanza kusumbua, na si kwetu tu, Waswisi na watu wa Latvia nao walilia. Ndege iliyolala haileti nauli, ila mishahara haijui hilo. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kaandika hasara ya shilingi bilioni 91.8 kwa mwaka 2023/24. Mimi nikiona bilioni natafuta kiti.

Na zuio la Ulaya linauma hata mahali msipopadhania. Mjerumani wa kazini kwangu alikuwa anapanga Zanzibar na Serengeti. Sheria ya huku inamtaka anayemuuzia safari amwambie ndege atakayopanda, na ikiwa imo kwenye orodha ana haki ya kurudishiwa hela. Akaniuliza mimi, kana kwamba ndimi rubani.

Je, nikiwa nyumbani naipanda? Naipanda. Dar–Mwanza nimeenda nayo, ile ya viti 76, nikafika salama na pochi yangu. Huo ni uamuzi wangu, sikushauri mtu. Wewe uliyeko Dubai au Mumbai mambo yako ni tofauti, huko walikuwa wanakuja moja kwa moja. Angalia ratiba mwenyewe, piga hesabu ya kilo mwenyewe. Mimi si wakala.

Na hao "Waarabu" mnaodhani nawapenda: kuna shirika moja, silitaji, lililiacha begi langu njiani siku tatu. Lilipoletwa, dagaa wa Kigoma walikuwa wamepasuka ndani ya kanga nne mpya. Fidia naidai hadi leo. Wanataka risiti ya dagaa. Mama, kama unaangalia, risiti ya dagaa inatolewa soko gani?